Mjumbe na Sheria Iliyomfunga Ndugu Yake

Wamepokezana wasimulizi, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa kale palikuwa na sheria: mtumishi wa dola atakayepokea zawadi kwa mwenye haja kwake, avuliwe cheo na afungwe miaka mitatu.

Sheria hiyo ilimpata Ubaidi, msimamizi wa mfereji wa mji. Alimgeuzia tajiri mmoja maji, mashamba ya wajane wa bondeni yakakauka, naye Ubaidi akaletewa farasi wa zawadi; akavuliwa cheo na kufungwa.

Haukupita mwezi, wakubwa walioiogopa sheria hiyo wakataka baraza la shura liilegeze: zawadi itolewayo baada ya haja kutimizwa isihesabiwe rushwa, na waliofungwa kwa ajili yake waachiliwe. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Sheikh Nuumani, mcha Mungu, kaka yake Ubaidi wa tumbo moja.

Asubuhi ya shauri hilo mama yao alimshika joho mlangoni. "Mwanangu, sikuombi useme uongo. Nyamaza tu."

Nuumani akambusu mkono, akatoka moyo umemjaa.

Barazani akasimama Waziri Shaddadi. "Waheshimiwa, kupeana zawadi ni jambo jema katika dini yetu. Vipi tumfunge mtu kwa shukrani ya mwenzake?"

Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Nuumani akainuka.

"Mheshimiwa Waziri, tajiri yule ni jirani yetu tangu utotoni. Hakuwahi kumpa ndugu yangu hata tende moja, mpaka huyo ndugu yangu alipokabidhiwa mfereji. Hiyo ni shukrani, au ni bei ya maji ya wajane?"

Wajumbe walipoulizwa mmoja mmoja, sheria ikabaki kama ilivyokuwa.

Nuumani akaenda moja kwa moja gerezani, kwani hakutaka ndugu yake aisikie habari ile kwa mtu mwingine. "Ni mimi niliyepinga sheria kulegezwa," akamwambia. Ubaidi akageukia ukuta.

Kila Ijumaa Nuumani alimpelekea mikate ambayo mama yao aliifunga huku akilia. Aliketi, akarudi bila kuitikiwa salamu. Ikawa hivyo mwaka mzima na zaidi. Kisha siku moja Ubaidi akasema, uso ungali ukutani:

"Kaka, wale wajane, maji yanawafika?"

"Yanawafika."

"Alhamdulillahi." Akageuka, akanyoosha mkono kupokea mkate.

Ndugu zangu katika imani, haki huwa nyepesi midomoni mwetu inapomwangukia mtoto wa mwingine. Mola atujaalie ulimi wa kuisema inapotufika nyumbani, na subira ya kuketi karibu na wale iliowaumiza.