Mama Chenga Aomba Kichuguu Kizima

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na shimo.
Na lipate mwenyewe.

Hapo kale Fisi ndiye aliyegawa mashimo yote ya bondeni. Ukitaka shimo, uende kwa Fisi. Ukirudisha shimo, uende kwa Fisi. Na kila ukienda, chap, anakula kwanza chakula chako cha jioni.

Palikuwa na panya, Mama Chenga. Alimzaa Chenga, akaenda kwa Fisi, chap, akapewa shimo kisimani. Akamzaa Wishwa, akaenda kwa Fisi, chap, akapewa shimo nyuma ya mwamba. Akamzaa Punje, akaenda kwa Fisi, chap. Safari hii Fisi mwenyewe alimpeleka mtoto shimoni, akarudi, akalala, akasahau ni shimo lipi.

"Mashimo ni mengi, mama," akasema. "Litaonekana tu."

Kila jioni Mama Chenga alikimbia kisimani akamfunika Chenga, akakimbia mwambani akamfunika Wishwa. Kisha akasimama njiani akaita, "Punje, kwi." Sauti ya panya haifiki mbali. Jirani yake Kware aliwanyamazisha makinda wake ili mama mwenzake asikilize vizuri.

Siku moja Mama Chenga akamwambia Fisi kwamba sasa anaye mtoto mkubwa kuliko Fisi, anamwombea kichuguu kitupu kilichokuwa bondeni. Fisi akameza mate. Mtoto wa hivyo, chakula chake cha jioni kitakuwaje? Akampa kichuguu kizima.

Mama Chenga akachimba, kwaru kwaru, vyumba vinavyolingana, kila kimoja saizi ya panya. Akawaleta Chenga na Wishwa. Kuanzia hapo Fisi hakuombwa tena: anayehitaji chumba anapewa na mama, anayetoka anamrudishia mama. Kimoja akakitandika nyasi laini, kikakaa kitupu. Kila asubuhi alibadilisha zile nyasi.

Fisi akangoja kuombwa. Njaa ikamleta. Akauliza yuko wapi huyo mkubwa, akaonyeshwa Chenga na Wishwa wamelala mgongo kwa mgongo. Akafoka, akataka chumba kitupu kirudi kwake.

"Kina mwenyewe," akasema Mama Chenga. "Ila mgawaji ni wewe, baba. Kikague. Chakula kiko ndani kabisa."

Fisi akasukuma kichwa mlangoni, bwii, kikanasa. Akalia, uuu-wiii. Uuu-wiii. Bonde zima likasikia.

Mbali huko, pua ndogo ikachungulia kutoka shimoni. Punje aliijua sauti ile. Mwenye sauti ile ndiye aliyemtoa kwa mama, basi labda ndiko mama aliko. Akaifuata, tipu tipu tipu, masikio yamelowa umande, mpaka chini ya mkia wa Fisi.

"Mama, huyu analilia nini?"

"Anakuita wewe, mwanangu," akasema Mama Chenga, akamkausha masikio.

Ngano yangu imepata shimo, imelala. Na funzo lake, wanangu: ukiwa na shida, kaombe kwa mkubwa, kidogo kidogo, tena mpelekee na chakula chako. Mkubwa hasahau kitu.