Samaki Asiye na Pilipili

Hii nimetumiwa na jirani yangu nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome ukiwa umeshiba.

Alikuwepo fundi mmoja wa kuchimba visima, Mzee Luo, Mchina wa jimbo la Sichuan, aliyefanya kazi Singida mpaka mvi zikamwota. Kwao Sichuan watu wanakula pilipili, si mchezo. Tena wana vipunje vya kiungo vinavyotia ulimi ganzi. Mama yake alikuwa akimpikia samaki kwa mafuta ya viungo hivyo. Mama alipofariki, Luo alikuwa huku kazini, hakuwahi maziko.

Tangu hapo alimtamani samaki yule hadi usingizini. Kilichomtisha ni kwamba ladha yenyewe ilikuwa imeanza kumtoka, na aliona ikimtoka yote, basi mama naye ndiyo amekwenda kabisa.

Mjini palikuwa na mgahawa mmoja tu wa Kichina. Kila Jumapili Luo aliagiza samaki, akaletewa samaki mpole wa sosi ya nyanya, mtamutamu. Alikula akamaliza. Kisha, kwa adabu aliyolelewa nayo, akamwambia mhudumu, Sikitu: "Mpe mpishi salamu zangu. Chakula kizuri sana."

Halafu anarudi nyumbani na hamu yake ileile. Huo ni ustaarabu au ni kujitesa? Jijibu mwenyewe.

Jumapili moja, iliyoangukia kumbukumbu ya kifo cha mama yake, uvumilivu ulimwishia. Alionja, akaweka vijiti chini.

"Sikitu mwanangu, mwambie mpishi samaki huyu hana pilipili, hana ganzi, ana sukari kama uji wa mgonjwa. Mama yangu angemrudisha jikoni."

Sikitu akasita. "Nimwambie hivyohivyo, mzee?"

"Hivyohivyo."

Sikitu akaingia jikoni, na kelele za sufuria zikakatika. Akatoka mama wa makamo, aproni kiunoni. Luo akasimama kuomba radhi, lakini mama yule akamwahi, kwa lahaja ya kwao kabisa.

"Wewe ni mtoto wa wapi?"

Luo akataja wilaya yake. Mpishi akashika kiti.

"Mimi wa ng'ambo ya mto wenu. Wateja walikuwa wanarudisha pilipili yangu, nikaacha kuwapa. Ya kwetu nakula peke yangu humo ndani. Na wewe kila wiki unasifu tu. Kwetu anayesifu chakula ni mgeni, wa nyumbani hulalamika. Ningejuaje?"

Akaingia jikoni, akarudi na bakuli lake mwenyewe, samaki ameelea kwenye mafuta mekundu. Luo akatia kipande kinywani. Ulimi ukafa ganzi, machozi yakamtoka, wala hakuyasingizia pilipili. Mama yake alikuwa amerudi.

"Chumvi imezidi kidogo," alisema.

Mpishi akaketi mbele yake, naye macho yamelowa.

"Sema tena," akamwambia. "Sijalalamikiwa na mtu wa kwetu tangu nitoke nyumbani."

Funzo: Hamu uliyoifunika kwa adabu hakuna atakayeipakulia. Sema unachokikosa, huenda anayekijua yuko nyuma ya mlango, anakula peke yake.