Kisiki Kilichosema Amina

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile Kiboko alipokuwa akienda kanisani kila Jumapili na kulikalia benchi zima peke yake, majirani watatu walilima shamba moja la mahindi. Wa kwanza ndiye huyo Mzee Kiboko. Wa pili alikuwa Bwana Nyati, mwenye shingo nene na maneno mafupi. Wa tatu alikuwa Mama Pimbi, mjane mwenye watoto wengi, mdogo wa umbo, asiye hata na mkia wa kufukuzia nzi.

Walikuwa wamegawana kazi. Nyati alime, Pimbi apande, Kiboko achimbe mtaro wa kuleta maji kutoka bwawa la juu, kwa sababu mvua za huko zilikuwa za kupita tu.

Basi Nyati akalima. Pimbi akapanda. Kiboko akaingia bwawani, akafumba macho.

"Hodi, Mzee Kiboko! Mtaro je?"

"Mama Pimbi, imani yako ni ndogo kama wewe mwenyewe. Neema itashuka. Kuchimba mtaro ni kumwambia Mungu kwamba hajui kazi yake."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitapokea." Akapiga mwayo, haaaa! Nzi wakaingia, wakatembea humo, wakatoka.

Mimi na watu wa namna hii hatupikiki chungu kimoja. Lakini msimcheke bado, maana hamjamsikia Nyati.

Nyati hakujua kungoja. Kila asubuhi alikwenda shambani na kuzifukua mbegu aone kama zimeota. Chaka! Chaka! Chaka!

"Yesu wangu! Bwana Nyati, unafanya nini?" akauliza Mama Pimbi.

"Nazisaidia."

"Ziache! Mungu ataziotesha."

"Shamba hili linaota kwa jasho langu. Toka njiani."

"Haraka haraka haina baraka, baba."

"Baraka ndiyo hii," akasema Nyati, akaikunja shingo yake misuli ikatuna.

Mbegu zikakauka juani, na zilizobaki kwale wakazidonoa. Mama Pimbi akapanda tena. Nyati akafukua tena. Mwisho ikabaki mbegu ya kikapu kimoja tu.

"Mama, hii tunakula au tunapanda?" akauliza Kidole, kitinda mimba wake.

Mama Pimbi akakitazama kile kikapu. Wakiila, itaisha kesho. Wakiipanda na Nyati akaifukua, watalala njaa mwaka mzima. Moyo ulimuuma sana. Akalia kidogo, akasali kidogo, halafu akaenda kutafuta kamba.

Siku iliyofuata mawingu yalianza kujikusanya. Nyati alipokuwa bado nyumbani anakunywa uji, Mama Pimbi akaipanda mbegu yote. Kisha akapanda hadi bwawani, kamba ya mkonge begani.

"Mzee Kiboko, neema ikija na kamba, utaikataa?"

"Mimi? Sijakataa chochote cha kupewa tangu nizaliwe!"

"Basi jifunge hii kiunoni, ungoje."

"Kungoja ndiyo kazi yangu," akasema Kiboko, akajifunga kwa furaha.

Mama Pimbi akateremka mbio, tipu-tipu-tipu, na ncha ya pili ya kamba, hadi ukingoni mwa shamba, nyuma ya kichuguu kikubwa. Nyati ndio kwanza anafika, kwato zinamwasha kwa hamu ya kufukua.

"Bwana Nyati, kuna kisiki kule bwawani kinaziba njia ya mtaro. Kikubwa mno! Nadhani hata wewe..."

"Hata mimi nini?"

"Nasema labda tuombe kwanza."

"Omba wewe. Mimi navuta!"

Akaikamata kamba. Harambee! Kamba ikakaza, triii! Kule juu Kiboko akatoka majini, pwaa!

"Aleluya!" akapiga kelele. "Neema inanivuta! Amina!"

Nyati akasimama, masikio wima. "Mama Pimbi, kisiki kinasema amina?"

"Ni mizizi inakatika, baba. Vuta!"

Nyati akavuta. Kiboko akaburutwa kwa tumbo, gru-gru-gru, udongo ukipasuka huku na huku.

"Amina... ai! Amina... uwii! Bwana, polepole! Neema ina mawe hivi?"

Alipoona tumbo linaungua, Kiboko akaanza kusukuma kwa miguu, akachimba kwa kwato, akahema, akatoka jasho. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Nyati naye akavuta hadi magoti yakagongana, hadi Kiboko akachomoza nyuma ya kichuguu, mweusi kwa tope. Wakatazamana.

"Wewe ndiye kisiki?"

"Wewe ndiyo neema?"

Wakageuka pamoja kumtafuta Mama Pimbi. Alikuwa juu ya jiwe, mahali ambapo wakubwa hawafiki.

"Nitakukanyaga!" akanguruma Nyati. Akapiga hatua moja, akaanguka puu! Akakoroma palepale. Kiboko akalala chali kando yake, akipuliza tumbo lake.

Jioni ile mvua ikashuka. Bwawa likafurika, maji yakashika njia iliyochimbwa na tumbo la Kiboko, yakaingia shambani taratibu, mstari kwa mstari. Nyati alilala wiki nzima. Hakuna aliyefukua chochote.

Alipoamka, shamba lilikuwa la kijani.

"Nani amezisaidia?" akauliza.

"Hakuna, baba," akajibu Mama Pimbi.

"Nani amekaa akizilinda?"

"Hakuna. Wewe ulikuwa umelala."

"Nikiwa nimelala?" Nyati akaketi chini.

"Na zile nguvu za kuvuta kamba, baba, ulizinunua duka gani?"

Nyati akaitazama shingo yake kama ya mtu mwingine.

Kiboko akadakia kwa shangwe: "Nilisema mimi! Neema imeshuka!"

"Imeshuka, mzee. Imepita wapi?"

Kiboko akautazama mtaro. Akalitazama tumbo lake. Vipimo vilikuwa sawasawa. 

Sikukuu ya Mavuno ilipofika, Nyati alibeba kikapu hadi madhabahuni, na kwa mara ya kwanza akasema asante. Kiboko aliwaachia wengine nusu ya benchi, na ibada ilipokwisha akaenda kuzibua mtaro bila kuambiwa. Watoto wa Mama Pimbi walikula mahindi ya kuchoma hadi wakalala chali, na Kidole akaguguna gunzi.

Nami hadithi yangu naifunga kwa kamba ileile: shika jembe, maana mkono umepewa, kisha lala, maana mvua si yako.