Nyumba Kumi na Moja za Mteremkoni

Sogeeni, wajukuu zangu, niwarudishe nyuma. Nyuma ya babu yangu, nyuma ya babu wa babu yake, enzi ambazo milima ilikuwa bado haijapewa majina, aliishi mwanamke aitwaye Namkunda.

Masika ya mwaka mmoja mvua ilinyesha, ikanyesha, ikanyesha. Siku ya tisa mteremko ukaporomoka na nyumba kumi na moja. Namkunda, mjane, akatoka na wanawe watatu na mavyaa wake kipofu, Nakiete, mama wa marehemu mumewe. Kitu kingine hakutoka nacho.

Wakawa watu wa kuhamahama. Leo jikoni kwa huyu, kesho zizini kwa yule. Msidhani wenyeji walikuwa wabaya, walichoka tu. Namkunda alitamani kumkemea mwanawe kwa sauti bila kuangalia kwanza mwenye nyumba yuko wapi. Alitamani hata kufagia uchafu wake mwenyewe.

Kila asubuhi Nakiete aliuliza, “Mwanangu, leo tunalala wapi?”

“Kwa watu, mama.”

“Na kwetu lini?”

Siku moja Namkunda akaenda barazani kwa Mzee Sengondo, mkuu wa mji, aliyeshika ufunguo wa ghala ambalo kila kaya ilipeleka sehemu ya mavuno.

“Baba, naomba mtama wa ghala uwalishe wajenzi, tujengewe sote wa mteremkoni.”

“Ghala ni la siku ya njaa, binti yangu.”

“Na mimi nimelijaza mavuno kumi na manne, kwa kichwa changu hiki.”

“Tukimfungulia kila mwenye shida, tutabaki na nini?”

“Mtabaki na sisi, baba.”

Mzee akainuka, akachukua ufunguo, akafungua ghala.

Mji mzima ukajenga miezi miwili. Wengine walikata miti, wengine walikanda udongo, ghala likiwalisha. Lakini Nakiete alifariki katika zizi la watu, siku nne kabla nyumba yao haijaezekwa.

Namkunda alihamia na wanawe. Akatandika kitanda kilichokuwa kiwe cha mavyaa wake upande unaopata jua, na mwaka mzima hakumruhusu mtu kukilalia.

Basi, wanangu, mkiwa wakubwa mkakabidhiwa kilichochangwa na wote, msingoje kubembelezwa. Aliyekosa kwake hana muda wa kungoja.

Kisa kimenitoka mdomoni, sasa ni chenu, kalaleni nacho.