Karata za Bi Mosi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakikaribishana barazani na kununiana kwa sababu ya karata, waliishi mlimani mke na mume, wote wawili pimbi. Pimbi, wanangu, si panya wala si sungura. Ni mnyama mdogo wa majabalini, hana mkia, na nyayo zake ni laini kama shavu la mtoto. Wengine humwita pelele, wengine wibari. Ni yuleyule.

Mume aliitwa Mzee Shomari, na mke aliitwa Bi Mosi. Mbele ya pango lao palikuwa na jiwe pana lenye kivuli mchana kutwa. Hilo ndilo lililokuwa baraza lao. Kwa desturi ya mlima ule, mwenye jiwe ndiye atoaye karata, na jiwe hubaki lake maadamu anawachezesha wenzake. Mwezi ukiandama bila mchezo, jiwe huwa la atakayeshinda mchezo unaofuata.

Miaka yote Mzee Shomari hakukosa mchezo. Lakini uzee ulimwingilia machoni. Kwanza alikuwa akichanganya Kopa na Uru, maana zote ni nyekundu, baadaye hakuona kitu. Kisha mvua ya masika ikapenya pangoni, karata zao za karatasi zikavimba, zikagandana, zikawa kama uji.

Tangu siku hiyo alikaa barazani akichanga karata zisizokuwapo. Vidole vilikwenda mbio, mikono mitupu. Bi Mosi alimwekea uji wa mtama, naye akauacha upoe.

"Kunywa kidogo, mume wangu."

"Wamekuja?"

"Bado."

"Watakuja. Nyati hawezi kukaa bila karata."

Kweli Nyati alikuja, tena pamoja na Fisi. Ila hawakuja kucheza.

"Hodi, shemeji!" Fisi akasema, huku akilipapasa jiwe kama mtu anayechagua godoro. "Mwezi umeandama, na hapa hapajachezwa kitu."

"Nimeuona," Bi Mosi akajibu.

"Basi Ijumaa tunacheza. Tukishinda, nyinyi mtahamia kule chini kwenye changarawe."

"Kule hakuna kivuli hata cha kufunika kikombe! Mzee ataungua."

"Aa! Kipofu atajuaje kama pana kivuli au hapana?" Fisi akacheka, hii-hi-hi-hiii!

Nyati akaguna. "Mmm. Na karata mtoe nyinyi. Mkikosa, mmeshindwa."

"Na desturi ni ileile," Fisi akaongeza. "Anayefikiwa na zamu akiwa hana karata mkononi, kashindwa."

Mzee Shomari alisikia yote. Aliacha tu kuchanga zile karata zake za hewani, akaiweka mikono mapajani. Bi Mosi alipoiona imetulia vile, moyo ulimuuma kuliko maneno ya Fisi.

Asubuhi yake akaanza kazi. Alikata karata kutoka kwenye maganda ya mgomba, akazianika juani. Nyati akapita akienda mtoni. Kwa mazoea tu, bila hata kutazama, akatoa ulimi: mwaa, mwaa, mwaa! Karata zikaisha, naye akaendelea na safari yake.

Akakata nyingine kwa ngozi ya mbuzi. Fisi akapita. Kwachu, kwachu!

"Lo! Samahani, shemeji, nilidhani umetupa."

Bi Mosi akakaa chini kando ya mkeka mtupu, akalia. Halafu akafuta machozi. Halafu akautazama ule mkeka tena, na bega lake likaanza kutikisika kwa kicheko.

"Kumbe!" akajiambia. "Hata hawajui kama wanakula."

Akatengeneza upya. Karata za Kopa alizikata kwa ngozi ya mbuzi, na za Uru kwa maganda ya mgomba. Za Shupaza zilikuwa vipande vyembamba vya kibuyu, na za Pau gome la mninga. Pembeni mwa kila karata aling'ata alama kwa meno yake: saba ikapata alama saba, sita ikapata sita, na Ree, iliyo kubwa kuliko zote, akaikata ncha moja. Kisha zote akazipaka masizi na nta mpaka zikawa nyeusi sawasawa, akachora sura zake kwa chokaa. Zilinuka moshi, basi.

"Nipe mkono," akamwambia mumewe. "Hii nini?"

Mzee Shomari akapitisha kidole. "Ngozi. Na hapa pana meno... moja, mbili, tatu, nne. Nne ya ngozi."

"Ngozi ni Kopa."

"Nne ya Kopa!" Akaipapasa tena. "Mosi. Naiona."

"Basi kunywa uji, nikuoneshe na nyingine."

Akanywa. Akaomba tena.

Ijumaa wageni wakafika mapema, matumbo matupu, maana barazani kwa Bi Mosi hapakuwahi kukosa kahawa na kashata.

"Kahawa iko wapi, shemeji?" Nyati akauliza.

"Iko jikoni inachemka. Chezeni kwanza."

Mzee Shomari akachanga, akagawa. Turufu, inayozipiga aina nyingine zote, ikawa Kopa. Fisi alipochungulia karata zake alimkonyeza Nyati, kwa kuwa alishika Ree ya Kopa na Mfalme wake. Tena walikuwa wamekwisha kupatana: kila wakiweka karata, watamtajia kipofu uongo.

Fisi akaweka saba ya Shupaza. "Ree ya Shupaza hiyo, mzee! Salimu amri."

Mzee Shomari akaipapasa kwa wayo wake laini. "Kibuyu hiki. Meno saba. Ndugu yangu Fisi, hii ni saba. Au macho yameanza kukusumbua na wewe?"

Fisi akameza mate. Nyati akajikuna sikio. Hakuna aliyetaja uongo tena.

Mchezo ukakaza. Jua lilikuwa limepanda, kahawa haikuja, na joto la viganja likaanza kuyeyusha ile nta. Harufu ya ngozi ya mbuzi ikampanda Fisi puani. Kila alipofikiri sana aliegemeza karata zake mdomoni. Nyati naye alikuwa akiwaza na kucheua, akiwaza na kucheua, karata zake zikiwa karibu na midomo.

Kwachu, kwachu. Mwaa, mwaa.

"Mosi," Mzee Shomari akanong'ona, "mbona nasikia watu wanatafuna?"

"Wana njaa, mume wangu. Wewe cheza."

Mzee Shomari akaweka kumi yake ya Pau, tap! "Zamu yako, Ndugu Nyati."

Nyati akatazama kwatoni. Hapakuwa na kitu. Akatazama chini ya tumbo. Akatazama nyuma.

"Nilikuwa na Uru tatu," akasema polepole. "Nzuri."

"Tamu?" Bi Mosi akauliza.

"Tamu..." Nyati akaacha mdomo wazi.

"Ng'ombe mkubwa wee!" Fisi akafoka. "Tazama, mimi nina turufu mbili!" Akafungua kiganja kwa kishindo. Kiganja kilikuwa cheusi kwa masizi. Kwenye jino la pembeni ilining'inia ncha ndogo ya ngozi yenye chokaa.

"Mume wangu," Bi Mosi akasema, "Fisi amekula Ree."

"Ameila na nini?"

"Na Mfalme wake."

Mzee Shomari akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka Nyati naye akaanza kucheka, muu-hu-hu, na jiwe likatetemeka. Fisi peke yake ndiye aliyenuna, mpaka kahawa ilipoletwa.

"Kunyweni," Bi Mosi akawaambia. "Na Ijumaa ijayo mje. Ngozi ninayo nyingine. Ila mle kwenu kwanza."

Walipoondoka, jiwe likiwa bado lao, Mzee Shomari alibaki barazani, kivulini, akipitisha kidole kwenye pembe za karata zilizobaki.

"Meno haya," akasema, "ningeyajua hata katikati ya elfu."

Bi Mosi akakaa karibu naye, akamsogezea kikombe.

Hadithi yangu naikomesha barazani kwao, na funzo lake ndilo hili: asiyeweza kuitawala tamaa yake hushindwa na mdogo anayejua kupenda na kutazama.