Mbegu Hailali Ghalani

"Mbegu hailali ghalani." Mmeisikia leo wodini, mkacheka, mkaniuliza hospitali na mbegu wapi na wapi. Haya, kaeni, wanangu. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia humu humu.

Asubuhi moja tulikuta kompyuta zote zimefungwa na wezi wa mtandaoni. Ujumbe wao ulisema: lipeni, ndipo tufungue. Nakala ya akiba tulikuwa nayo, lakini Daktari Mapunda, mkuu wetu, aliagiza ibaki imechomekwa kwenye kompyuta, iwe karibu. Ikafungwa nayo.

Wodini alikuwamo Fidea, mtoto mwenye selimundu, akihitaji damu upesi. Damu aliyowahi kupewa ilimdhuru nusura afe, na maelezo ya damu inayomfaa yalikuwa ndani ya zile kompyuta. Mama yake alinishika mkono bila kuuachia. Niliogopa, siwafichi. Daktari akasema liwalo na liwe, tuwalipe.

Yustina Komba, fundi wetu wa kompyuta, alikataa. Alisema mwizi hana ahadi, atachukua fedha na asifungue. Kisha akaeleza kwamba kila Ijumaa hupeleka nakala nyingine zahanati ya ng'ambo ya mto, na kuifungia kabatini. Safari hizo tulizijua. Tulidhani ana mchumba huko.

Daktari akamuuliza ni nani aliyemfundisha hayo.

"Chuo kilinifundisha, Daktari, ila nilielewa kwa mama. Mahindi ya mbegu huyatundika jikoni, kwenye moshi. Mdudu dumuzi akiingia ghalani hachagui chakula wala mbegu."

Diski yenye nakala hiyo ikaletwa kwa pikipiki. Daktari akataka kuichomeka palepale. Yustina akaifumbata.

"Hapana, Daktari. Humo bado mna dumuzi."

Akatoa kompyuta mpya iliyokuwa ingali kwenye boksi, akaisoma diski humo. Maelezo ya Fidea yakaonekana, maabara wakaandaa damu, na jioni mtoto akaomba uji. Mama yake alilia, nami nikalia naye.

Kazi ilibaki, msidhani. Kompyuta zilisafishwa moja moja, na mambo yaliyotokea baada ya Ijumaa ile tuliyaandika upya kwa kuwauliza wagonjwa. Wezi hawakupata hata senti. Daktari, mtu asiyependa kukosolewa, ndiye aliyeitoa methali hii kwenye maneno ya Yustina, akawa akimwambia kila mgeni wa kazi.

Ijumaa hii zamu ya kuvuka mto ni yenu. Mvua ikinyesha mkatamani kuiacha diski hapahapa, mkumbukeni yule mama na mkono wangu. Mbegu hailali ghalani.