Kamera ya Kifungo Kimoja

Kwa jina la Mola aliyeumba macho na vyote vya kutazamwa. Katika mji wa Kaukabu alitawala Sultani Shamsudahari, na binti yake Nuzuhati alikuwa ameposwa na mwana wa mfalme wa nchi ya mwendo wa miezi saba, na ngamia walikwisha kupakiwa mizigo. Lakini yaya wake, Bi Mwanakheri, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa mkongwe, na mikono ikimtetemeka, na ameanza kusahau nyuso za watu.

"Ukishaondoka, mwanangu, nitakukumbuka kwa kitu gani?" alilia.

Binti akaisugua pete ya marehemu mama yake, na jini Barkashi akatoka, akaweka kamera tatu juu ya zulia.

"Ewe bibiye, hizi hutoa picha papo hapo, hata hujaketi. Chagua moja. Kila moja ina karatasi mbili tu."

Ya kwanza ilikuwa ya dhahabu, yenye vifungo arobaini. Ya pili ya fedha, yenye magurudumu ya kuzungusha. Na ya tatu nyeupe, nene kama mkate wa boflo, yenye kifungo kimoja.

Waziri wa Sultani, aliyekuwapo hapo, akaguna. "Binti wa sultani ashike kidude kama sabuni?"

Na mimi msimulizi, Mungu anisamehe, ningechukua ya dhahabu, maana napenda kuonekana.

"Mheshimiwa Waziri," akasema binti, "itakayobonyeza ni mikono ya mama yangu huyu mlezi, si yako." Akachukua ya tatu.

Bi Mwanakheri akabonyeza, kumbe kaishika kinyume! Karatasi ikatoka tupu, na taratibu ukajitokeza uso wake mwenyewe, mdomo wazi, jino moja.

"Ole wangu, nimeiharibu! Kizee mjinga mie!"

Waziri akacheka, lakini binti aliitia ile picha kifuani. "Hukuharibu, mama. Wewe uliogopa kunisahau, na mimi sikukumbuka hata kukuomba uso wako."

Akaigeuza kamera, akasimama mbele yake, na yaya akabonyeza tena. Picha ikatoka imeinama kidogo, na nyuma yake binti akaandika: *Huyu ni Nuzuhati, mwanao.*

Akamwachia yaya picha hiyo, akasafiri, akaoana na yule mwana wa mfalme kwa furaha, na mumewe akamtunuku kijaluba, yaani kisanduku kidogo, kilichojaa lulu. Binti akazimwaga lulu, akaiweka humo picha ya jino moja. Na huko Kaukabu, kila baada ya sala ya alfajiri, Bi Mwanakheri huitazama picha yake na kuuliza, "Nani huyu mzuri?" na husomewa maandishi ya nyuma, na kila siku hufurahi upya kwamba ana mtoto.

Basi ukimchagulia mtu kitu, itazame kwanza mikono yake. Na Mola ndiye ajuaye zaidi.